Umeambiwa mguu ukatwe? Soma hii kabla hujatia sahihi

Hii naiandikia watu wa huku kwetu, Malindi, Lamu na visiwa vya pembeni, walioambiwa hospitali kwamba mguu wa baba au wa mama (au wao wenyewe) hauponi tena na inabidi ukatwe, na pia wale ambao washakatwa na sasa kila anaepita barazani ana ushauri wake. Mimi si daktari. Nimemuuguza mjomba wangu Lamu aliekatwa kwa sababu ya sukari, nikaenda nae kwa mafundi Mombasa mpaka akatembea, na toka wakati huo watu hunipigia simu na maswali ni yale yale, bora niandike mara moja.

Kila mtu huanza kwa kuuliza mguu wa bandia ni pesa ngapi. Hilo lisubiri kidogo. Uliza kwanza watakata wapi, na goti litabaki au halitabaki. Manake pale wanapokata ndipo panapoamua atatumia mguu wa aina gani, atachoka kiasi gani, ataweza kupanda ngazi za nyumba yake au itabidi kitanda kiteremshwe chini. Mguu wa bandia wa bei mbaya hauwezi kurudisha goti lililotupwa bure.

Kabla ya thieta

Sababu zenyewe huku kwetu zajulikana. Sukari ndio mkuu wao: ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu ya miguu, mtu anakanyaga msumari au mwiba wa samaki hasikii, na damu nayo haifiki vizuri kwa hivyo kidonda hakifungi, usaha unashuka mpaka kwenye mfupa. Halafu kuna ajali za bodaboda, kuna wakwezi wanaoanguka minazini, kuna bafe ambae sumu yake inaozesha nyama, kuna kansa ya mfupa ambayo hupiga hata vijana. Na kuna hii ya mtu kavunjika akapelekwa kwa mganga wa viungo akafungwa magango ya kubana sana, damu ikazuilika na mguu ukafa. Kama vidole chini ya gango vimekuwa baridi, vimebadilika rangi au vimeshika ganzi, fungua sasa hivi ukimbie hospitali, usingoje asubuhi, misuli ikikosa damu kabisa masaa 6 hivi huwa inaanza kufa.

Sasa daktari akileta ile karatasi ya kutia sahihi, muulize kwa upole lakini uliza. Utakata wapi na kwa nini hapo? Damu inafika mpaka wapi, mumepima? Goti laweza kuokolewa? Kigutu kitakuwa na urefu gani? Kuna mtu wa fizio (wa mazoezi ya viungo) atakaemuona kabla ya kukatwa? Kama munataka maoni ya daktari wa pili, fanyeni haraka. Kuuliza ni haki yako, ila kuuliza kusigeuke kungoja, kwa sababu mguu uliooza na homa juu maana yake sumu ishaanza kuingia kwenye damu, na hapo hatuzungumzii mguu tena, tunazungumzia roho. Wako walioondoka hospitali kwenda kujaribu asali na majani wakarudi wiki ya pili, kilichokuwa cha kukatwa vidole viwili kikawa cha kukatwa juu ya goti.

Jambo jengine dogo ambalo watu hulikumbuka wakati washachelewa: kama munataka kuuzika mguu, waambieni hospitali mapema, kabla hajaingia thieta, ili wauhifadhi wawape. Usipowaambia, mguu utachomwa pamoja na taka nyengine za hospitali.

Wanakata wapi hasa

Nianze chini nipande juu.

Vidole. Kidole kimoja kidogo mtu hutembea kawaida, kidole gumba ndicho kinachosukuma mwili mbele kwa hivyo ukikikosa mwendo hubadilika kidogo na shinikizo huhamia kwenye vidole vilobaki, ambavyo navyo vyaweza kupata vidonda. Hapa hakuna mguu wa bandia, ni kiatu kizuri na kipande cha sponji ngumu cha kujaza pengo.

Nusu ya unyayo. Kuna mkato unaopita kwenye mifupa mirefu ya unyayo, na kuna miwili ya nyuma zaidi iliyopewa majina ya madaktari wa Ufaransa, Lisfranc na Chopart. Kadiri wanavyorudi nyuma ndivyo mshipa ule mnene wa kisigino unavyouvuta unyayo kwa chini, mtu akawa anakanyagia ncha ya kidonda. Faida yake ni kwamba kisigino kipo, usiku mtu anaweza kusimama akaenda chooni bila kuvaa kitu.

Kwenye kifundo. Huu waitwa mkato wa Syme, daktari wa Scotland aliyeufanya miaka ya 1840, na bado unatumika. Unyayo unaondoka lakini ile nyama nene ya kisigino inachukuliwa inawekwa chini ya mfupa, kwa hivyo mtu anaweza kuegemea ncha yenyewe. Shida ni kwamba yataka damu nzuri ya kisigino, na mguu wa bandia wake huwa mnene pale kwenye kifundo, sio mzuri wa kutazama. Kwa mzee anaejali kuswali na kutembea ndani ya nyumba mimi naona si neno.

Chini ya goti. Huu ndio mwingi, na kama mguu hauna budi kukatwa basi huu ndio wa kuombea. Madaktari hupenda kuacha kigutu cha kama sentimita 12 hadi 17 kutoka kwenye goti. Kikiwa kifupi sana, chini ya sentimita 5 hivi, soketi, kile kikombe cha mguu wa bandia ambamo kigutu huingia, haina pa kushika na hutoka toka. Kikiwa kirefu sana mpaka karibu na kifundo, hapo pana ngozi na mfupa tu, hakuna nyama ya kulinda, damu pia ni chache. Kwa hivyo usimlaumu daktari akikata juu zaidi ya pale ulipooza, mara nyingi amefikiria mguu wa bandia wa baadae. Mfupa mwembamba wa pembeni hukatwa mfupi kidogo kuliko ule mkubwa na ncha za mifupa husuguliwa zisiwe kali, kazi isipofanywa vizuri hapo utaisikia siku ya kwanza ya kuvaa.

Kwenye goti lenyewe, yaani wanalitenganisha bila kukata mfupa wa paja. Kigutu ni kirefu, kina nguvu, kinaweza kubeba uzito kwa ncha, na kwa mtoto ni kizuri zaidi kwa sababu sehemu ya mfupa inayokua haikuguswa. Ubaya ni kwamba goti la bandia linakaa chini kuliko goti la upande wa pili, akikaa kitini paja moja linaonekana refu.

Juu ya goti. Hapa mambo yanabadilika kabisa na familia nyingi hawaambiwi. Yule aliekatwa chini ya goti kwa ajali hutumia nguvu kama robo zaidi ya mtu wa miguu miwili kutembea mwendo ule ule, aliekatwa chini ya goti kwa sababu ya mishipa mibovu kama asilimia 40 zaidi. Juu ya goti kwa ajali inapita nusu, na mzee mwenye mishipa mibovu aliekatwa juu ya goti yaweza kufika mara mbili. Moyo wake utaweza? Ndio maana wako wazee ambao wilchea nzuri na magongo ni msaada mkubwa kuliko mguu wa bandia utakaoning'inia ukutani, na kusema hivyo si kumkatia mtu tamaa.

Juu zaidi ya hapo, kwenye nyonga au na kipande cha nyonga chenyewe, ni nadra, huwa ni kansa au ajali mbaya mno, na miguu yake ya bandia ni mizito na wengi huishia kutumia magongo wakaenda kasi zaidi.

Wiki za mwanzo nyumbani, hapa ndipo watu hupoteza mguu wa bandia kabla hawajaupata

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu nimeona watu wakifika kwa fundi wakarudishwa. Goti limekunjika halinyooki tena. Fundi hawezi kutengeneza mguu wa kutembelea kwa goti lililoganda limepinda.

Linaanzia wapi? Linaanzia kwa huruma. Mama anamuonea mwanawe huruma anamuwekea mto chini ya kigutu ili apumzike. Usiweke mto chini ya goti, usiweke mto katikati ya mapaja, usimuache akae kutwa nzima kwenye kiti kigutu kinaning'inia. Akikaa kwenye kiti weka ubao chini ya kigutu goti linyooke. Aliekatwa juu ya goti alale kifudifudi, dakika 20 hivi mara mbili tatu kwa siku, ili nyonga isijikunje. Na vile vitanda vyetu vya kamba vilivyobonyea katikati vinampinda mtu nyonga usiku kucha, mtandikie godoro gumu au hata mkeka na tandiko sakafuni kama anaweza kuinuka.

Bendeji. Kigutu huvimba na lazima kibanwe kipate umbo la kuingia kwenye soketi, nyembamba kiasi kuelekea ncha. Tumia bendeji ya krepu, ile ya kuvutika, ifungwe kwa mshazari kama namba 8, kubana zaidi iwe kwenye ncha na ilegee kadiri unavyopanda. Usizungushe duara juu ya duara, hiyo ni kumnyonga, damu inashindwa kupanda na ncha inavimba kama puto. Fungua ufunge tena mara kadhaa kwa siku, angalia ngozi kila ukifungua. Mwambie mtu wa fizio akuonyeshe na wewe umfungie mbele yake kabla hamujatoka wodini, kwenye simu hayaelezeki haya.

Mazoezi: kunyoosha goti, kukaza paja, kuinua kigutu ukilala ubavu, na mikono iwe na nguvu za magongo. Nyuzi hutolewa baada ya wiki 2 mpaka 3 kwa kawaida, wenye sukari huchelewa. Na asianguke! Kuanguka kwa wiki za mwanzo kunapasua kidonda, na huwa ni usiku, mtu anaamka na usingizi, ameshasahau, anashuka kitandani kama mwenye miguu miwili. Magongo yakae mkononi pake, taa iwe karibu, na chombo cha haja ndogo chini ya kitanda si aibu.

Halafu ule mguu usiokuwepo unauma. Vidole vinawasha, unyayo unaungua, na mtu anaona haya kusema akidhani watamwita mwendawazimu. Ni kweli na ni kawaida, bongo bado lina ramani ya mguu mzima. Wako watakaokuambia mguu ulizikwa umepinda ndio unalia, waheshimu lakini usifukue kitu. Kinachosaidia ni kukipapasa na kukigonga gonga kigutu kwa vidole, kukifunga bendeji vizuri, kuvaa mguu wa bandia wakati ukifika, na dawa za mishipa ya fahamu ambazo daktari huandika kama amitriptyline au gabapentin. Kuna na kioo: mtu anakaa, kioo kirefu kinasimamishwa katikati ya mapaja, anatazama kivuli cha mguu mzima ukicheza huku akijaribu kuuchezesha ule mwengine. Mbinu hii alikuja nayo Ramachandran, mtafiti wa bongo huko Marekani, miaka ya 1990, haimfai kila mtu lakini ni kioo tu, jaribu.

Kwa fundi

Kidonda kiwe kimefunga kabisa, hakitoi maji, uvimbe umeshuka, na mgonjwa aweze kusimama na magongo. Kwa wengi ni wiki 6 mpaka 8 au zaidi, mwenye sukari yaweza kuwa miezi. Anzia hospitali yako, King Fahd pale Lamu au hospitali ya serikali Malindi, wakupe barua ya rufaa, kwa sababu kazi kubwa ya miguu ya bandia kwa pwani iko Mombasa. APDK, kile chama cha walemavu kilichoanza mwaka 1958, kina tawi lake Mombasa, na hospitali kuu ya Coast General nako ni pa kuuliza. Waulize bei kabla hamujapanda gari, na waulize ni safari ngapi. Kuna siku ya kupima, kuna siku ya kujaribu, kuna siku za kujifunza kutembea, kisha kuna marekebisho. Anaetoka Malindi ni kilomita kama 120 anaweza kwenda na kurudi, lakini anaetoka Lamu, boti mpaka Mokowe halafu basi, huyo atafute jamaa wa kukaa nae Mombasa mpaka amalize. Kuchukua mguu ukarudi nao siku hiyo hiyo bila kufundishwa kutembea ni kununua pambo.

Fundi anafanyaje? Anapima mzingo wa kigutu sehemu sehemu, anakivisha soksi nyembamba, anaweka alama pale penye mifupa, kisha anazungushia bendeji za plasta zilizoloweshwa. Ikikauka inatolewa, inajazwa plasta ya maji, ikiganda anapata sanamu ya kigutu chako. Sanamu hiyo anaichonga: anapunguza pale panapoweza kubeba uzito, anaongeza pale pasipofaa kuguswa. Kwa kigutu cha chini ya goti, panapobeba ni ule mshipa chini ya kifuu cha goti, ubavu wa ndani wa mfupa mkubwa na nyama ya nyuma. Pasipobeba ni kile kinundu cha mfupa upande wa nje chini ya goti, ukingo mkali wa mbele, na ncha. Kwa juu ya goti uzito mwingi unakaliwa na mfupa ule wa makalio unaokalia kitini. Juu ya sanamu anavika plastiki iliyochemshwa kwenye oveni, ikipoa ndio soketi.

Na soketi ndio mguu wenyewe. Hayo mengine yote ni vyuma. Watu humpigia fundi makofi kwa unyayo mzuri wenye vidole, wakasahau kwamba soketi mbaya ni kama kiatu cha mtu mwengine unachokikanyagia mfupa mtupu. Ukijaribu usiseme "ni sawa tu" kwa kuona haya. Simama, hamishia uzito, tembea, kaa, simama tena, kisha vua uangalie ngozi. Mwambie fundi kwa kidole, hapa panauma, hapa panachezacheza. Akisema utazoea, uliza utazoea kwa muda gani. Wekundu ukiondoka ndani ya dakika 10 mpaka 20 ni kawaida, ukibaki zaidi ya hapo soketi inabana pahala.

Vipande vyengine kwa haraka. Ndani ya soketi huwa na laina, kile kifuko cha kukinga ngozi, ama ya sponji ngumu ama ya silikoni, na soksi za unene tofauti. Kuna kishikio cha kuuzuia usivuke: mkanda juu ya goti, mpira wa kubana paja, pini inayojifunga chini ya laina ya silikoni, au hewa kunyonywa. Kwa jua letu mkanda ni wa kizamani lakini haukupi shida ya jasho wala vipuri vya kuagiza. Goti, kwa waliokatwa juu, liko la kufunga kwa kitasa ambalo halikunji ukitembea (mzee akiogopa kuanguka hili linamfaa), liko la bawaba moja, la bawaba nne ambalo ni imara zaidi ukisimama, la mafuta, na la kompyuta kama C-Leg ya Wajerumani lililotoka miaka ya 1990. Hilo la mwisho mtu akikuletea zawadi kutoka Ulaya muulize kwanza nani atalitengeneza likiharibika, na chumvi ya bahari italifanyaje.

Chini ya hapo ni bomba na unyayo. Unyayo wa kawaida una kiini kigumu, mara nyingi mbao, na kisigino laini cha sponji, hauna bawaba. Ule wa Jaipur wa India, uliotoka mwisho wa miaka ya 1960, ni wa mpira, unatembelewa pekupeku, unachuchumaa nao, unaingia majini. Kuna pia mtindo wa plastiki ya polipropilini ulioenezwa na Msalaba Mwekundu wa kimataifa kwenye nchi za vita, mwepesi, rahisi, hauozi. Kwa mvuvi wa huku kwetu mimi ningemwambia achague kati ya hii kabla ya kitu chochote cha kung'aa.

Kuishi nao huku

Siku ya kwanza vaa nusu saa, vua, angalia ngozi. Kesho ongeza. Mwenye sukari aangalie kwa macho, hata kwa kioo chini ya ncha, manake hasikii maumivu na lengelenge la leo ni kidonda cha wiki ijayo. Likitokea lengelenge usivae mpaka lipone, hata kama kuna harusi.

Kigutu huendelea kusinyaa mwaka mzima na zaidi. Soketi iliyokuwa inabana Ramadhani, ikifika Maulidi inacheza. Ongeza soksi. Ukifika soksi nyingi mpaka unazihesabu, rudi kwa fundi, soketi imekuwa kubwa. Na kinyume chake, asubuhi kigutu kikiwa kimevimba punguza soksi, usilazimishe. Mtu akinenepa au akikonda kilo chache tu soketi inamkataa.

Jasho, hasa kaskazi. Osha kigutu kila usiku kwa sabuni isiyo kali, kausha kabisa. Laina ioshwe usiku ikauke mpaka asubuhi, soksi zibadilishwe mchana, beba jozi mfukoni. Usipake mafuta kabla ya kuvaa, wala usinyoe vinyweleo vya kigutu, vikiota tena vinaingia ndani ya ngozi vinafanya vijipu. Mafuta ni ya usiku.

Ngazi: mguu mzima hupanda kwanza, wa bandia hushuka kwanza. Zile ngazi za nyumba za Lamu ni nyembamba na ndefu, fungeni kamba nene ukutani ya kushika. Vichochoroni ukisikia punda nyuma, jibanze ukutani umpishe, usishindane nae, punda hana breki. Mchanga ni mgumu kuliko sakafu, tembea ule ulioloa karibu na maji. Boti, subiri maji yajae, maji yakipwa zile ngazi za jeti zina utelezi na boti iko chini mno. Mkabidhi nahodha mkono na uingie kwa mguu mzima kama ni kupanda, wa bandia kama ni kushuka ndani.

Maji ya chumvi yakiingia, suuza kwa maji matamu siku hiyo hiyo, nati zipakwe mafuta. Unyayo wa mbao ndani usiupeleke baharini, ukiingia maji unavimba na kupasuka.

Kiatu! Mguu umepangwa kwa kimo cha kisigino cha kiatu ulichokwenda nacho kwa fundi. Ukibadilisha kiatu chenye kisigino kirefu mwili unasukumwa mbele, ukivua kwa msikiti ukabaki pekupeku unavutwa nyuma. Kwa hivyo nenda kwa fundi na kile unachovaa kila siku, na mwambie wazi kwamba wewe huvua viatu mara tano kwa siku. Ndara za kuchomeka kidoleni hazikai kwenye unyayo wa bandia mwingi, nunua sandali za mkanda wa nyuma. Kuswali, aliekatwa chini ya goti wengi huweza kupiga magoti kwa kuweka kitu laini, juu ya goti kiti ni rahisi zaidi, na masuala ya udhu muulize imamu wako, hapana haja ya kubishana barazani.

Mikono na watoto, kwa ufupi

Mkono nao hukatwa vidoleni, kifundoni, chini ya kiwiko, kiwikoni, juu ya kiwiko au begani, na kanuni ni ile ile, kiungo kikubwa kikibaki kazi inakuwa nyepesi, kiwiko ni kama goti la mkono. Wa bandia uko wa sura tu, uko wa ndoano inayofunguliwa kwa waya na mikanda ya begani, na uko wa betri unaosoma misuli. Ndoano haipendezi lakini ndio inayoshika kamba ya jahazi, kisu cha samaki na jembe. Wengi huuacha mkono wa bandia kabisa kwa sababu hauna hisia na mkono mmoja unajifunza haraka, kwa hivyo usimlazimishe mtu.

Mtoto anakua, soketi yake haitakaa, hesabu kubadilisha kila mwaka hivi na muda mwengine kabla. Na mfupa wa mtoto uliokatwa katikati unaweza kuota ncha ikachoma ngozi, ukiona ncha imekuwa kali au nyekundu mrudishe hospitali.

Karatasi

Jisajili na baraza la taifa la watu wenye ulemavu, NCPWD. Unahitaji kupimwa na madaktari wa hospitali ya serikali wanaofanya tathmini ya ulemavu, kisha usajili. Kadi hiyo ndio mlango wa kuomba vifaa vya kusaidia na msamaha wa kodi ya mapato kwa anaefanya kazi. Fanyeni mapema wakati kidonda kinapona, sio siku munaenda kwa fundi. Kuhusu SHA, ile bima ya afya ya serikali, kabla ya upasuaji mtafute mtu wa ustawi wa jamii pale hospitali akuandikie wazi nini kinalipwa na nini ni mfukoni mwako.

Mguu wa bandia kwa kawaida hukaa miaka 3 mpaka 5, soketi huisha mapema zaidi. Nati zikilegea utasikia mlio, usikaze mwenyewe kwa spana ya pikipiki, ukigeuza digrii chache tu umeharibu mpangilio wote na mgongo ndio utakaolipa. Mguu wa zamani ukipata mpya usiutupe wala kumpa jirani avae, soketi yake ni ya kigutu chako peke yako, uweke uwe wa kuogea na wa kushukia majini, kama unyayo wake si ule wenye mbao ndani. Na ule mguu wa pili, kwa mwenye sukari, uangaliwe kila usiku kati ya vidole na chini ya unyayo.